Titi Likiuma, Tusimwambie Mzazi Avumilie

Siku ya tatu baada ya kujifungua ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Mama amekwisha kurudi nyumbani. Kama alijifungua kwa njia ya kawaida na hakukuwa na tatizo, aliruhusiwa baada ya siku moja hivi, na kitanda chake wodini kimeshapata mwingine. Wageni wameanza kuja na hongera zao, na khanga, na sabuni. Jikoni kuna mtori, au uji wa pilipili manga, au supu ya kuku wa kienyeji, kutegemea ni kwa nani. Usiku unaingia, maziwa yanaanza kujaa, mtoto analia tena, na mama anauma meno hata kabla hajamweka titini. Vidole vya miguu vinajikunja. Machozi yanamtoka. Chuchu zimechubuka, moja imepasuka na kutoa damu. Anamnyonyesha hivyo hivyo, kwa kuwa tangu ana mimba amesikia kwamba ndivyo kulivyo, na aliyelala naye chumbani kumsaidia anamwambia kwa upendo kabisa: vumilia mwanangu, sote tulipita huko.

Ninaandika kuwaomba, ninyi mnaoishi na mzazi, mnaomtembelea, mnaomhudumia: tuache kumwambia hivyo.

Maumivu hayo yana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe inarekebishika palepale kitandani, bila dawa na bila shilingi. Yapo mateso ya uzazi ambayo familia haiwezi kuyafanyia lolote ila kumkimbiza mama hospitali. Hili la chuchu limo mikononi mwetu, tena linakuja katika siku ambazo mama mwenyewe yuko mikononi mwetu. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa ya 48 na ya 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Wanaoangaliwa siku ya tatu kama inavyotakiwa, heri yao. Wengi tunajua ilivyo: mama hurudi kliniki mtoto anapotakiwa kupimwa uzito au kuchanjwa, na katikati hapo walio naye ni mama yake, mama mkwe, dada, jirani na mume.

Niseme kwanza lililo la kawaida, nisije nikamtisha mtu. Katika siku za mwanzo chuchu huhisi upesi kuliko ilivyozoea. Mama anaweza kusikia uchungu mtoto anapoanza kuvuta, kisha ukatulia ndani ya nusu dakika hivi, mtoto akaendelea kunyonya na mama akashusha mabega. Hilo hupita lenyewe. Lisilo la kawaida ni maumivu yanayodumu muda wote wa kunyonya. Chuchu inayotoka mdomoni ikiwa bapa, au imebanwa upande mmoja, au ina mstari mweupe juu yake. Mchubuko, ufa, damu. Ukiyaona hayo, ujue mtoto amekamata chuchu peke yake, hajalikamata titi.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto akishika ncha tu, ulimi wake unaisugua chuchu na kuigandamiza kwenye sehemu ngumu ya kaakaa, mvuto baada ya mvuto, kila anaponyonya, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana. Hakuna ngozi itakayostahimili hilo. Akikamata vizuri, chuchu huingia nyuma kabisa, kwenye kaakaa laini, ambako hakuna cha kuichubua, na ulimi hukamua ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu pamoja na nyama ya titi iliyo chini yake. Ndiyo maana mtoto anayekamata vibaya humwumiza mama na wakati huohuo hashibi. Ananyonya saa nzima, anasinzia, anaamka analia. Mama anaumia, na maziwa yanayompata mtoto ni machache.

Mama akae ameegemea, awe na ukuta na mto nyuma yake, au kiti chenye mgongo. Kigoda na ukingo wa kitanda humfanya ainame, na mama anayeinama humpelekea mtoto titi. Mgongo ukichoka anarudi nyuma, na titi linamponyoka mtoto mpaka anabaki ameshika ncha. Mtoto ndiye aletwe kwenye titi. Ageuzwe ubavu, tumbo lake liguse tumbo la mama, sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Mtoto aliyelazwa chali akageuzwa shingo hawezi kumeza vizuri. Jaribu wewe kunywa maji huku umegeuza uso begani. Abebwe mwili mzima, na kisogo kisisukumwe, kwa kuwa ukikisukuma yeye hurudisha kichwa nyuma. Mkono ushike mabega na chini ya shingo. Pua yake ielekee chuchu, chuchu imguse mdomo wa juu, kisha asubiriwe. Asubiriwe kwa kweli, mpaka afungue kinywa kwa upana kama mtu anayetaka kuliuma embe dodo. Hapo hapo avutwe karibu, kidevu kikitangulia, na mdomo wa chini utue mbali chini ya chuchu.

Akishakamata, tazama. Kidevu kimegusa titi. Mdomo wa chini umebinuka nje. Ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu yamejaa, hayajabonyea ndani. Ukisikiliza utamsikia akimeza. Kisha mwulize mama, kwa kuwa yeye ndiye kipimo kikubwa: bado inauma? Kama inaendelea kuuma, asimng'oe mtoto titini, maana kumng'oa ndiko kunakopasua. Aingize kidole kidogo, kikiwa kisafi, pembeni mwa mdomo, katikati ya fizi, hewa ipite, mtoto aachie mwenyewe. Waanze upya. Huenda wakarudia mara tatu, nne, tano kabla hajakamata inavyotakiwa. Mtoto atalia, mama atakata tamaa, na wewe uliye pembeni ndiye unayetakiwa kuwa mtulivu kwa niaba yao wote wawili.

Elimu hii haikufika kwetu jana. Mwaka 1985 AMREF, Nairobi, ilichapisha kitabu cha daktari Felicity Savage King cha kuwafundisha wahudumu wa afya namna ya kuwasaidia kina mama kunyonyesha. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, na miongoni mwa hatua zake kumi imo ya kumwonesha mama namna ya kunyonyesha. Tangu 1992 inaadhimishwa Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, kila tarehe 1 hadi 7 Agosti, na hapa kwetu huwa na hotuba, fulana na nyimbo. Maadhimisho ni mema. Ila kwa maoni yangu tumehubiri sana faida za maziwa ya mama, tukafundisha kidogo mno namna ya kumkamatisha mtoto titi. Mama wa leo anajua habari za miezi 6 bila maji wala uji. Ameisikia redioni, ameisoma ukutani kliniki. Ambacho wengi hawajaoneshwa ni mahali kidevu kinapokaa. Na mtu aliyeelezwa faida bila kuoneshwa njia, siku inapomshinda hudhani kasoro ni yake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Ni hatua, na walioifanikisha wanastahili sifa. Bado zaidi ya theluthi moja wanapewa kitu kingine. Sababu ni nyingi: kazi za mama, ushauri wa nyumbani, mazoea. Maumivu ya wiki ya kwanza ni mlango mmojawapo, na namna unavyofunguka inajulikana.

Mama anayeumia huchelewesha kunyonyesha. Titi linajaa, linakuwa gumu, ngozi inavutika na chuchu inakuwa bapa. Mtoto anazidi kushika ncha, vidonda vinazidi. Maumivu na woga navyo huchelewesha homoni ya oksitosini, ile inayosukuma maziwa yatoke. Mtoto analia. Mmoja anasema maziwa hayamtoshi, mwingine anasema ni chango, na kinaletwa kikombe cha maji ya sukari, au maziwa ya kopo, au uji mwepesi. Mtoto aliyeshibishwa hivyo hanyonyi, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Wiki kadhaa zikipita mtoto anadhoofika, na mtaa unaanza kunong'ona kwamba amebemendwa. Fikirieni dhuluma hiyo. Mwanamke aliyekuwa akilia usiku kwa vidonda vya chuchu anasingiziwa kuwa amemharibu mwanawe, ndoa inatikisika, ilhali shida ilianzia kwenye kinywa ambacho hakikufunguka vya kutosha na hakuna aliyekitazama.

Vidonda vikiwa vimeshatokea, kurekebisha ukamataji kunabaki kuwa dawa ya kwanza. Mengine yote ni ya kusaidia. Mama aendelee kunyonyesha, aanze na upande usiouma sana, kwa sababu mtoto mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu zaidi mwanzoni. Abadilishe mkao ili mahali palipochubuka pasigandamizwe tena: mara moja ampakate mbele, mara nyingine amweke chini ya kwapa miguu ikielekea nyuma, au alale naye ubavu, mkao unaomfaa sana aliyejifungua kwa upasuaji. Titi likiwa limejaa na kuwa gumu, akamue kidogo kwa mkono kwanza mpaka ile sehemu nyeusi ilainike, ndipo mtoto apate pa kushika. Akimaliza kunyonyesha, akamue tone la maziwa yake, alipake kwenye chuchu, aache likauke kwa hewa kabla ya kuvaa.

Najua wako wanaoliona tone hilo kuwa ni dawa ya mtu asiye na fedha. Sivyo. Mapitio ya tafiti ya Cochrane yaliyotolewa mwaka 2014 yalikuta kwamba kutopaka kitu chochote, au kupaka maziwa ya mama mwenyewe, huenda kukasaidia sawa na mafuta ya lanolini au hata kuyazidi kwa muda mfupi. Na kwamba kwa wanawake wengi, watumie tiba ipi, maumivu hupungua yakawa madogo kati ya siku ya 7 na ya 10 baada ya kujifungua. Tafiti zilizokusanywa zilikuwa 4 tu, zenye wanawake 656, kwa hiyo si neno la mwisho. Zinatosha hata hivyo kumwambia baba asikope fedha kwa ajili ya tyubu ya mafuta. Aliye nayo lanolini safi na akaipenda, aitumie. Haihitaji kufutwa kabla ya kunyonyesha.

Spiriti isiguse chuchu. Sabuni kila baada ya kunyonyesha huondoa mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatoa kujilinda. Kuoga kwake kwa kawaida kunatosha. Kitambaa au pedi iliyolowa maziwa isikae kifuani, hasa kwenye joto la pwani ambako ngozi haipati kukauka, na kitambaa kikigandia kidonda kiloweshwe kwanza kabla ya kubanduliwa. Mjamzito asisugue chuchu zake kwa taulo au brashi eti azikomaze. Hazikomai, zinachubuka kabla ya wakati. Na kuhusu kukandwa, nawasihi kina bibi: maji ya moto makali yasikaribie matiti. Kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kunyonyesha husaidia maziwa kutoka, na kitambaa cha maji baridi baadaye hupunguza uvimbe. Kupita hapo ni kumwunguza mtu.

Ikiwa maumivu yamezidi hata hawezi kumweka mtoto titini, apumzishe upande huo kwa siku moja au mbili huku akikamua kwa mkono kila baada ya saa mbili tatu, ili maziwa yasipungue na titi lisivimbe. Maziwa hayo apewe mtoto kwa kikombe kidogo kisafi. Nakipendekeza kikombe kuliko chupa kwa kuwa huoshwa kwa urahisi, na kwa kuwa chuchu ya mpira inamzoeza mtoto kunyonya kwa namna nyingine kabla hajajifunza titi. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama kwa anayenyonyesha, na hakuna ujasiri wowote katika kuikataa.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI jambo hili ni zito zaidi. Miongozo yetu inamruhusu na kumhimiza anyonyeshe akiwa anatumia dawa zake kila siku: maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha aongeze chakula huku akiendelea kunyonyesha. Lakini chuchu inayotoa damu, au titi lenye maambukizi, huongeza hatari ya virusi kumfikia mtoto. Upande wenye kidonda asiunyonyeshe. Aukamue, maziwa hayo ayamwage, amnyonyeshe upande ulio mzima, asiache dawa, na afike kliniki yake siku hiyo hiyo. Kama pande zote mbili zina vidonda, kwenda kliniki kusisubiri hata kesho.

Huenda wewe unayeishi naye hujui hali yake, na si lazima uijue. Nyumba yenye desturi ya kumpeleka zahanati kila mzazi anayetoka damu kwenye chuchu imemkinga mtoto bila kumwuliza mama jambo ambalo hajawa tayari kulisema.

Zipo dalili nyingine zisizosubiri. Mama aliyekuwa akinyonyesha bila shida halafu ghafla chuchu zikaanza kuwaka moto, na mtoto ana utandu mweupe mdomoni usiofutika, huenda ni fangasi. Watibiwe wote wawili kwa pamoja, la sivyo watarudishiana. Homa, kutetemeka, titi lenye sehemu ngumu ya moto inayouma, hayo ni maambukizi ya titi. Vitabu husema ngozi inakuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo gusa usikie joto, usingoje kuona rangi. Aende kituo cha afya, na aendelee kunyonyesha au kukamua, kwa kuwa maziwa yakikaa humo ndipo jipu linapotunga. Mtoto asiyekojoa vya kutosha, anayelala mno na kukataa titi, naye apelekwe.

Wako pia watoto wachache ambao hata wakipakatwa vizuri hawakamati, kwa sababu ngozi iliyo chini ya ulimi ni fupi na inauzuia kutoka nje. Wengi huiita hali hiyo udata. Aonwe na daktari. Asipelekwe kwa mtu mwenye wembe, na kimeo chake kisiguswe: kukata kimeo hakumfundishi mtoto kunyonya, na watoto wamevuja damu hadi kufa kwa ajili yake.

Sasa wito wangu, na ninaanza na kina bibi, kwa kuwa ndani ya nyumba neno lenu lina nguvu kuliko bango lolote la kliniki. Katika zile siku arobaini ninyi ndio mnaomwogesha mtoto, mnaomfunga mama tumbo, mnaoamua nani aingie chumbani. Mlilea bila vitabu na mkalea vizuri. Nawaomba mwongeze jambo moja kwenye kazi hiyo: kila mnapomkabidhi mama mtoto, kaeni mtazame anavyokamata, mpaka amalize. Kijana wa leo hakukulia kwenye ua uliojaa shangazi na wake wenza wa baba wakinyonyesha mbele yake. Wengine mtoto wa kwanza kumpakata ni wa kwao wenyewe. Alichokiona kwa macho akiwa mdogo bibi yake, yeye hakukiona. Mwoneshe, mama, kwa mikono yako. Na akisema inauma, mwamini.

Kwa akina baba, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa wiki 2. Siku 3 ni chache mno, na ningependa wabunge wetu walione hilo. Lakini maadamu ndizo tulizo nazo, baba mwenye ndugu wa kumsaidia hospitali asizimalize zote katika pilikapilika za kuzaliwa. Azibakize kuanzia siku ya tatu, maziwa yanapojaa na wageni wanapofurika. Kazi yake siku hizo ni ya kuonekana: amwekee mke mto mgongoni, amletee maji ya kunywa kila anapokaa kunyonyesha, aoshe kikombe, awaambie wageni mlangoni kwamba mama anapumzika. Na mama yake mzazi akianza kuagiza kopo, yeye ndiye anayeweza kumjibu kwa heshima bila kuvunja nyumba. Mke hawezi. Wengi wetu tumeshuhudia jinsi mke asivyoweza.

Kwenu wauguzi na wakunga, najua wodi zilivyojaa na jinsi mnavyofanya kazi ya watu wawili au watatu. Ombi langu ni dogo: mama asitoke wodini kabla mmoja wenu hajamtazama akinyonyesha kwa dakika tano, na yule ndugu aliyekuja kumchukua aitwe asimame hapo aone. Mkimfundisha mama peke yake, mmemfundisha mtu aliyechoka ambaye usiku atasahau nusu. Mkimfundisha na ndugu yake, mmepeleka msaidizi hadi nyumbani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao, mnapopita nyumba kwa nyumba, nyumba yenye khanga za mtoto kwenye kamba isipitwe. Wenye maduka ya dawa, mtu akija kuomba dawa ya vidonda vya chuchu au kopo kwa mtoto wa siku nne, mwulizeni kwanza kama kuna aliyemtazama mama akinyonyesha, kisha mwelekezeni zahanati.

Na kwako mzazi, kama umepata nafasi ya kusoma huku mtoto amelala. Maumivu yako si deni la umama. Kumwambia mtu kwamba titi linauma si kumkataa mwanao, na kuomba kuoneshwa upya hata mara ya kumi si ujinga. Kama siku hizi mbili umempa kopo kwa sababu ulishindwa, hujaharibu kitu kisichotengenezeka. Mrudishe titini leo, akamate vizuri, na maziwa yataongezeka kadiri anavyonyonya.

Basi ndugu msomaji, mtaani kwako wiki hii yumo aliyejifungua. Nenda kamwone, na baada ya hongera mwulize kwa sauti ya chini kama titi linauma. Akisema ndiyo, kaa naye anyonyeshe ukiwepo, mpangie mto, mtazame mtoto anavyokamata, anzeni upya mpaka uso wa mama utulie. Ukiona hujui la kufanya, au umeona damu au homa, mshike mkono umpeleke zahanati siku hiyo hiyo.